Yaya, Maharage Yanakungoja

Mpendwa yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Salamu unaitika vizuri, habari za watoto unauliza, mais lakini nikitaja neno shamba tu, réseau ya simu ya Butembo inaharibika papo hapo. "Allô? Allô? Kavira, mi hapana sikia!" Wewe! Réseau gani hiyo yenye masikio? Donc nimeandika. Barua haikatiki.

Kwanza habari. Lile shamba la Baba la Mabalako, uliloenda kulitazama mara moja tu baada ya sisi kukimbia vita, ukakuta nyumba imeungua na matete yamemeza ua, ukageuka palepale ukisema, "Mi nishaizika hii shamba," sasa lina wenyewe. Lina mimi na mume wangu Kambale, na mbuzi wasio na adabu hata kidogo. Tumejenga nyumba ya udongo, si kubwa, lakini haivuji. Jikoni kunatoka moshi kila asubuhi.

Siku ile ulipogeuka sikukulaumu, yaya. Hata mimi nilipofika na panga nililia kwanza. Wachoma makala, mkaa wa kuuza mjini, walikuwa wamekata kila mti, mvua ikabeba udongo, kilima kikabaki mbavu tupu. Tukaanza na kipande kidogo tu. Tukachimba mifereji ya kukata kilima ubavuni ili maji yasimame yanywewe na udongo, maana zamani tulilima kwa kushuka na mteremko na kila mvua ilitunyang'anya. Matete hatukuyachoma, tuliyalaza chini yaoze. Kambale akapanda migomba, na chini ya migomba kakao. Mimi nikapewa kazi ya kubeba mavi ya mbuzi. Ndiyo manukato yangu siku hizi, usije ukaniuliza mbona sinukii kama zamani.

Wenzetu wa likirimba, lile kundi la kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, walinicheka sana. "Angalieni muke ya Butembo, anashika jembe sawa mwiko!" Nikawaambia huo mwiko ndio utakaowapa fufu saa sita, anayetaka kucheka acheke na njaa yake. Waliinama wakaendelea kulima. Na chemchemi yetu, yaya! Tulidhani imekufa. Kumbe ilizibwa na udongo tu, tukachimba matope tukizama mpaka magoti, halafu maji yakaanza kulia chini ya jembe. Kambale alipiga kelele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna hatari. Leo yanatoka baridi, ukinywa meno yanauma.

Ndipo tukavuna maharage. Mengi, manene, mekundu. Na shida yetu ikaanzia hapo, kwa sababu hatuwezi kuyala.

Unamkumbuka Baba siku ya mavuno ya kwanza? Hakuna aliyegusa sahani kabla mkubwa wa nyumba hajaonja, tena hapohapo shambani. Tumekaa mkekani mate yanatutoka, naye anatafuna polepole, macho amefumba. Kisha, "Hm. Inakosa chumvi." Anachota tena! Mimi naanza kulia, wewe unanifinya paja. Alipokufa, Mama naye akamfuata, wewe bado msichana, na kaka hatuna, ukaketi mahali pa Baba. Nilifikiri utanihurumia. Lo! Ulitafuna polepole kuliko Baba mwenyewe, jicho moja umefumba, jingine linanitazama mimi. "Hm. Inakosa chumvi." Tulicheka mpaka chakula kikapoa. Siku ile nilijua kwamba bado tuna nyumba.

Basi, maharage yetu yako ghalani na sisi tunanunua mengine sokoni Mangina. Usicheke. Mama muuzaji aliniuliza, "Ya kwenu iliharibika?" Nikamwambia hapana, inangojea mutu. Akanipimia huku ananiangalia kama mgonjwa. Na Kambale amenuna. "Kula tu! Masika iko Butembo, hapana ona!" Ni mume mwema, mais njaa haina adabu.

Laiti ingekuwa njaa peke yake. Mbegu ya kupanda imo humohumo ghalani, nayo haitoki kabla mkubwa hajaonja, unajua. Mawingu yameanza kujikusanya. Watu wote wa likirimba wameshatifua, wengine wameshapanda. Msimu huu ukitupita, Kambale atarudi Butembo kuendesha moto, pikipiki ya abiria, ameshasema, na mimi peke yangu sitaweza. Matete yatarudi. Kazi yote hii, yaya, itarudi kuwa kichaka.

Najua unachoogopa. Siku tuliyokimbia ulinishika mkono hukuuachia mpaka Butembo, vidole vyangu vikafa ganzi. Sikudanganyi kwamba huku tumesahau. Usiku mwingine bado nasikiliza kama kuna risasi. Mais asubuhi naamka, naona migomba yetu, na ninafurahi, yaya. Ninafurahi kweli, furaha ya kunifanya niimbe vibaya, na ninaona haya kufurahi hivi bila wewe.

Juzi nilishindwa. Nilichota maharage ghalani, nikabandika chungu. Mama Kahindo, yule mzee wa likirimba, akapita kuomba moto. Nikamuuliza kama naweza kula bila wewe. Alikaa kwenye kigoda, akafikiri sana.

"Unaweza, mutoto yangu. Hakuna mutu atakukataza. Mais kwetu, batu banakula bila mukubwa kama mukubwa amesha kufa."

Nikaipua chungu, nikawapa mbuzi maharage yenyewe mabichi-mabichi.

Yaya, wewe uko mzima. Unauza vitenge, unakata simu, unanenepa, watu wananiambia. Siwezi kukaa mbele ya sahani nikakuzika kwa mdomo wangu. Acha shamba lirudi kichaka, lakini hilo sitalifanya.

Huyu motard wa pikipiki aliyekuletea barua ni kijana wa huku, anaendesha taratibu. Nimemwambia asirudi na kiti kitupu. Funga duka.

Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Kavira