Mukono mupya wa Vital

Rébecca, niko na haya mupaka sijui nianzie wapi.

Unajua tangu ile risasi ya vita ya Bogoro mukono wa kuume wa bwana yangu Vital ulikufa, na ni miye namukatia bugali na kumulisha. Leo mujukuu wetu Bijou alishuka na ndege, sababu barabara bado ni ya vita. Alikuja na rafiki yake wa masomo, Marie-Claire. Wakamuvalisha Vital mukononi ganti ya vidole wazi, yenye nyuzi za plastiki.

Marie-Claire anaeleza: plastiki peke yake inajikunja polepole. Basi wametia ndani vumbi la feza, laini kupita unga wa muhogo, ili moto wa batri upite mbio na nyuzi zivute kama musuli.

Zikavuta! Vital akakata tonge peke yake. Rébecca, peke yake! Na tonge lile la kwanza akamulisha Marie-Claire, kumushukuru!

Nikasema mbele ya wote: "Basi hiyo plastiki ikupikie pia!"

Vital akacheka, akaninyooshea mukono wenye bugali. "Mama Dany, nivue hii. Wanasema inaogopa maji. Nani ataninawisha?"

Nikaivua, na mukono ukalala tena mu mikono yangu. Nilimunawisha polepole kabisa. Marie-Claire angoje na batri yake.