Jiwe Mlilolificha Wewe na Baba Yako

Nyumba za Wajane, Nambari 3,
Ebberwick,
Uingereza.

9 Februari, 1962.

Mpendwa mwanangu Horace,

Kadi yako ya Krismasi ilifika. Ina picha ya kangaruu na maneno matano, na hayo matano yenyewe mwandiko ni wa mkeo. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye mikono miwili na akili timamu, anamtumia mama yake mnyama! Hata daktari wa meno huniandikia barua ndefu kuliko hiyo. Najua nilikwambia pale mlangoni, siku ulipoondoka, kwamba usithubutu kuniandikia. Nilisema kwa hasira. Hujawahi kunitii katika jambo lolote tangu uzaliwe, ukaenda kuchagua kutii hilo.

Haya, hamjambo huko Tasmania? Mkeo Merle hajambo? Colin kifua chake kimepoa? Mkandeni kwa mafuta ya bata bukini, mfungeni na kitambaa cha sufu, na daktari akicheka acheni acheke. Lorna anajua kufuma sasa? Mimi nipo. Goti la kushoto limekataa kukunjika, na baridi ya mwaka huu imegandisha maji ndani ya ndoo jikoni, lakini bado napasua kuni zangu mwenyewe na sijamwomba mtu.

Sasa nisikilize. Wanataka kuzivunja Nyumba za Wajane.

Huu si uvumi wa pale baa. Mwezi wa kumi na moja alikuja kijana wa halmashauri, anaitwa Tranter, viatu vinang'aa, akapima kuta kwa utepe, akachokonoa boriti kwa kisu kidogo kama mtu anayetazama keki imeiva. Akaniambia, "Bibi, nyumba hizi hazifai kukaliwa na binadamu." Nikamwambia, "Mimi nimekaa humu miaka kumi na saba. Kwa hiyo mimi ni nini, kuku?" Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui kama aliandika kuku.

Wanataka mahali pa kugeuzia basi. Basi lenyewe huja mara mbili kwa wiki, na siku nyingine halina mtu ila dereva na mafua yake. Karakana ya mhunzi wameshaibomoa. Kinu cha maji kimeanguka chenyewe kwa aibu. Lile ghala la zaka, ambalo babu zako walilijaza ngano ya kanisa hata wao wenyewe wakalala njaa, limeuzwa mawe yake yakajengewe ukuta wa bwana mmoja anayefuga mbwa. Limebaki kanisa na mnara wake ulioinama kama mlevi anayetafuta kofia, na tumebaki sisi.

Na sisi tumebaki wawili. Mimi, na Dorcas Spry pale Nambari 1. Nambari 2 na Nambari 4 hazina mtu tangu mwenzetu Effie alipofariki. Wanasema watatuhamishia kwenye makao ya wazee kule mjini. Wamepapaka rangi ya maziwa na kupaita kwa jina la mti mzuri, lakini mimi lango lile nalijua. Ndiyo ile ile nyumba ya maskini, Horace. Babu yako na bibi yako walifikishwa pale nikiwa na miaka sita, wanaume wakaambiwa kulia, wanawake kushoto, wakaachana mikono mlangoni na hawakuonana tena hadi mmoja alipozikwa. Mama yangu alifia mle akiwa amevaa gauni lenye nambari mgongoni. Mficha uchi hazai, basi nasema wazi mara moja, na usiniulize tena: naogopa.

Nilimwambia Tranter kwamba nyumba hizi si za halmashauri wala si za kasisi. Alizijenga Ursula Hext, mjane wa mfanyabiashara wa sufu, kwa ajili ya wajane wa kijiji hiki, mwaka 1624. Nikamsomea maneno ya jiwe lake kwa kichwa, maana wewe unajua shule niliiacha nikiwa na miaka tisa, na jiwe lile ndilo lililonifundisha kusoma: Ursula Hext, mjane, aliwajengea wajane wanne wa Ebberwick nyumba hizi. Zisiuzwe wala zisivunjwe maadamu mjane yungali hai kijijini.

Kijana akainua macho. Akauliza, "Jiwe hilo liko wapi, bibi?"

Nikamwonyesha tundu ukutani, juu ya mlango wa katikati, ambamo sasa shomoro wamejenga.

Akasema, na sauti yake haikuwa ya dharau, "Niletee maandishi, nami nitasimamisha kazi hii mwenyewe. Bila maandishi hivi ni vibanda vinne tu." Na maandishi hayapo. Hati zilikuwa kwa wakili mjini, na unajua bomu lilivyomfanya wakili, yeye na makabati yake yote. Sisi tulioficha jina la kijiji hatukuangukiwa hata na kokoto.

Ndiyo, tulificha. Unakumbuka mwaka wa arobaini, ilipotoka amri majina ya vijiji yaondolewe ili Wajerumani wakishuka wasijue wako wapi. Katika vijiji vingine waling'oa kibao cha njia panda wakaenda kunywa chai. Sisi tulipania. Muuza nyama alikwangua mkokoteni wake hadi mbao zikatoboka. Kondakta akaacha kutaja kituo, watu wakapitishwa nyumbani kwao wenyewe. Na Kasisi Pomfrey, siku yake ya kwanza kabisa, aliniuliza njia ya Ebberwick akiwa ameegemea ukuta wa Ebberwick, nikamjibu, "Sijapata kupasikia." Alizunguka mashambani hadi jioni, malengelenge miguuni, akitafuta kanisa lake. Kila Pasaka bado ananikumbusha.

Na baba yako, fundi mwashi wa kujivuna, akaona jina la kijiji liko juu ya mlango wa wajane, limechongwa kwa herufi za shibiri nzima. Mkalishusha jiwe wewe na yeye, Jumamosi, saa tano asubuhi, jua linawaka, kijiji kizima kimesimama kinatazama. Mkalifunika gunia, mkalipakia kwenye mkokoteni wa muuza nyama, mkaenda. Saa nane mkarudi, mkokoteni mtupu. Nikamwuliza baba yako, "Jabez, mmelipeleka wapi?" Akaniambia, "Keziah, usilolijua huwezi kulisema. Wasije wakakubana." Mimi! Mjerumani gani angethubutu kunibana mimi! Nikakutazama wewe, na wewe ukainamia viazi vyako ukala.

Siku mia moja sikusema na baba yako isipokuwa "chai" na "mlango". Kisha ukaenda jeshini, na yeye kiharusi kikamvuta mdomo, akafa na siri hiyo. Mikono yake ilikuwa ikionyesha dirishani. Nilidhani anataka hewa.

Vita vikaisha. Kibao cha njia panda kikarudi, jiwe halikurudi. Kasisi alidhani liko kwa mhunzi. Mhunzi alidhani liko chini ya mnara wa kanisa. Hakuna aliyeuliza, maana tulikatazwa kuuliza, na kila mtu akajua kwamba mwenzake anajua. Hilo ndilo kosa letu, la kijiji kizima, na mtu wa mbali ukimweleza atasema sisi ni mazuzu.

Lakini kosa langu ni kubwa zaidi, na nitaliandika kabla wino haujaganda. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba wewe unajua. Uliporudi kutoka vitani ningeweza kukuuliza siku yoyote. Kisha ukaja na habari ya Tasmania, ukaniomba tuondoke wote, nikakwambia nitafia Ebberwick na wewe uende ukafe na kondoo wako. Baada ya maneno kama hayo, kukuuliza kulimaanisha mimi niwe wa kwanza kuandika. Miaka kumi na mitano sikuandika. Tundu lipo juu ya mlango, nalipita kila asubuhi nikienda kisimani, na kila asubuhi nilijiambia shomoro nao wanahitaji pa kukaa.

Tangu Krismasi nimechimba. Ndiyo, kwa koleo la makaa, miaka sabini na saba na goti hili. Nimechimba penye mzabibu wa uani, nimechimba banda la nguruwe, nimechimba chini ya choo cha zamani, na usiniulize. Ardhi imeganda, koleo linalia kama kengele. Dorcas hushika ndoo na kutoa maoni. Tulipofukua chungu cha kukojolea kilichopasuka akasema, "Labda ndilo hilo, Keziah, limekonda kwa huzuni." Nilicheka, kisha nikaketi juu ya udongo nikashindwa kuinuka, Dorcas akaenda kumwita kasisi. Kasisi naye anapitapita makaburini na fimbo ya chuma, anachoma ardhi, anawaomba radhi marehemu kwa majina.

Baraza la halmashauri linakaa Jumanne tarehe ishirini na saba mwezi huu. Siku hiyo watapiga kura. Jiwe likiwa limesimama mbele yao mezani, Tranter anasema hawawezi kuzigusa nyumba hizi, wala si mwaka huu wala si miaka mia ijayo. Lisipokuwepo, Machi wanakuja na nyundo, na mimi na Dorcas tunapelekwa kwenye lile lango.

Hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua. Ni wewe tu.

Nisalimie Merle. Sikumtendea haki, nilisema ana nyonga za mbuzi, na amekuzalia watoto wawili wazuri. Mwambie maneno matano yake niliyasoma mara nyingi. Wabusu Colin na Lorna. Dorcas anakusalimu, na Kasisi Pomfrey pia. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na paa lisilovuja, na uzee usiosukumwa huku na huku.

Ni mimi niliyekuzaa, nakupenda hata ninapokufokea,

Mama yako,
Keziah Tidmarsh.

Usiikunje barua hii. Usimwite Merle aisome pia, usimalize chai yako, usianze kutafuta maneno mazuri. Vaa viatu uende posta upige telegramu. Sema ni shamba la nani, hatua ngapi, kutoka mti gani au ukuta gani, na mlilifukia kwenda chini kiasi gani. Salamu usiweke. Mahali tu. Nenda.