Ansgar na Jioni ya Kuvunja Vyombo

Nyumbani, 4 Mei 1987

Mwanangu Wiebke,

Hujambo? Mguu wa baba yako umepungua uvimbe, mimi mzima. Huyo mchumba wako Ansgar ameniandikia kurasa mbili kunieleza Polterabend, hii sherehe yetu ya kuvunja vyombo kabla ya harusi, ilikopata jina. Eti nusu ya kwanza ni makelele, ya pili ni jioni, na watu wa kale walikuwa wakifukuza mapepo. Mwambie asante. Mimi niliyekatizwa shule na vita nilidhani ni jina la kabichi! Majirani wameshajaza banda vikombe na sahani mbovu. Watazivunja mlangoni kwetu, halafu nyinyi wawili mfagie pamoja, basi. Nimwone ameshika ufagio tu, nipate usingizi.

Mama yako

Hamburg, 9 Mei

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo. Usimcheke Ansgar, anaandika kitabu cha maneno kama hayo. Ameahidi atafagia. Mbele za watu mvumilie, kwa ajili yangu.

Mwanao Wiebke

Nyumbani, 25 Mei

Mwanangu,

Ulifika salama? Kifua je? Uliondoka hata kahawa hukunywa.

Nilimvumilia, umeona mwenyewe. Sahani bado zinapasuka, bwana kapanda juu ya kreti la bia: "Ndugu zangu, neno hili..." Wewe umeinama unafagia, vigae mpaka ndani ya viatu. Jirani Gerd akamwambia, "Bwana harusi, neno tumelisikia, sasa shika ufagio!" Naye: "Subiri kidogo, sijafika kwenye mapepo." Watu wakafa kwa kicheko. Gerd akapindua toroli ulilokwisha jaza, vigae vikamwagika upya, mrudie wote wawili kama kawaida yetu. Ukarudia peke yako. Mwenzio mkono mfukoni, kama mkaguzi wa reli!

Kanisani ni tarehe 20 Juni. Gauni lako nimelipiga pasi. Sikulazimishi kitu, ila silali.

Mama yako

Hamburg, 11 Juni

Mama, shikamoo. Baba hajambo?

Jana Ansgar alinipa sura mpya ya kitabu chake niipige chapa. Tumo sote. Ameandika: "Katika kijiji hiki, bibi harusi hufagia peke yake." Nikamwambia, "Ansgar, hiyo si desturi yetu, ni wewe tu hukufagia." Akajibu, "Wiebke mpenzi, acha hivyo hivyo, inasomeka vizuri."

Jumapili nakuja na treni ya mchana. Mwambie mchungaji asitungoje. Ufunguo wa nyumba nimemwekea Ansgar juu ya karatasi zake. Ameusogeza pembeni, akaendelea kuandika.

Mwanao Wiebke