Mahindi ya Njia ya Ng'ombe

Baba Neema,

Hali sikuulizi, wewe umeshapumzika. Nianze na sifa, maana ndizo ulizokuwa ukinichekea. Mwanao amekuwa mpishi wa kutajwa! Garsen nzima nani asiyemjua? Hoteli hana, wala jina ukutani hana. Anatangaza tu kwenye simu: Jumamosi tutakula mahali fulani. Watu wanakuja na mikeka yao, wanakula, wanasaidiana kuosha sufuria, wanatawanyika. Vijana wanaiita popapu. Mimi naiita karamu, na aliyemzaa mpishi ni mimi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa kwetu, pale shambani karibu na mto. Neema alitaka wakulima na wafugaji tule pamoja, kwa kuwa siku hizi hata salamu zimepungua. Sufuria moja kambare wa nazi. Nyingine mbuzi, maana wenzetu wafugaji samaki hawamtaki. Mume wa Mama Halima, wa upande wao, ndiye aliyekuja asubuhi kumchinja huyo mbuzi. Alichinja vizuri. Chai hakunywa. Nikasema moyoni, ana haraka zake.

Jioni upande wetu ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Upande wao mikeka mitupu, na nyama inapoa. Alikuja Mama Halima peke yake, huyu anayetuletea maziwa tangu Neema ana meno mawili, na kibuyu chake begani. Nikafurahi kupita kiasi, na unanijua nikifurahi. Nikamtia hindi la kuchoma mkononi, nikapaza sauti wote wasikie:

"Kula, mwenzangu! Hili ni la kule malkani. Mwaka huu tumepanda mpaka majini!"

Malkani, Baba Neema. Ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, uliyoiacha wazi maisha yako yote. "Ng'ombe hana mabawa," ulikuwa ukisema, "apite wapi?" Ulipozikwa, hata matanga hayajapoa, ndugu yako Komora akaziba kwa miiba akapanda. Akanigawia mistari minne. Nami nikapokea. Nikajiambia ni msimu mmoja tu.

Mama Halima aliliangalia lile hindi. Akaliweka chini polepole, kama kitu cha mtu mwingine. Akanawa mikono, na alikuwa hajala.

"Mama Neema," akasema, "mtoto wako anajua kupika. Lakini ng'ombe wetu watakunywa wapi?"

Akainuka. Na kibuyu akakibeba, kimejaa vilevile. Tangu unilete hapa sijaona maziwa yaliyofika kwa jirani yakirudi nyumbani.

Leo siku ya nne. Maziwa hayaji. Watoto wao hawaonekani shuleni, madawati yamebaki wazi. Jana nilipita kwa Komora nikakuta wanaume wananoa mapanga, na huu si wakati wa kufyeka. Waliponiona wakayafunika kwa gunia. Mimi, shemeji yao! Kisha mmoja akacheka, "Mama mpishi, leo hutupikii?" Sikupenda kile kicheko.

Mwanao amekunja mikeka, hataki kutangaza tena. Ananiuliza, "Mama, nilikosea wapi? Chumvi?" Mimi, mwenye mdomo wa kusifia kila kitu, nikainuka kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Leo jioni nitamwambia. Si chumvi, mwanangu. Ni mama yako.

Basi, mume wangu, nakuaga nikiwa na neno moja la kukuahidi. Komora ametangaza kwamba atakayegusa mahindi yake asije akalaumu mtu. Ile mistari minne ni yangu. Kesho kukipambazuka nitaing'oa, yote, na majirani waone. Nikimaliza, nitashika ile miiba, njia ya ng'ombe ifunguke.

Ulale salama, Baba Neema. Nikikufuata mapema, usinigombeze.

Mkeo,
Mama Neema