Kibuyu Kisichofukizwa

Habaswein, Jumatano, 1996.

Joto la leo limepita kiasi. Vumbi limeingia hadi ndani ya boksi la chaki, na mimi nimechoka, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Wiki mbili zilizopita nilisahihisha mtihani wa sayansi wa darasa la sita. Swali lilikuwa: taja njia moja ya kuhifadhi maziwa yasiharibike upesi. Mwongozo wa kusahihisha ulisema kuchemsha, au jokofu. Habiba aliandika: kufukiza kibuyu kwa moshi. Nikamkosesha.

Jokofu! Hapa nimeona moja tu, dukani, na mwenyewe analitumia kama kabati.

Na mimi, Mtaita niliyeletwa huku na barua ya serikali, huu ni mwaka wa tatu nakunywa chai yenye ladha ya moshi kila asubuhi. Nilijua yuko sahihi. Nilimkosesha kwa sababu mwongozo haukusema hivyo, basi.

Habiba ndiye aliyekuwa akinichosha kwa maswali. Kwa nini bati la paa hulia jua likizama? Kwa nini mtungi uliolowa nje hupoza maji ndani? Tangu nimrudishie karatasi ile, hajainua mkono. Anakaa, anaandika, anaenda zake nyumbani.

Hilo ndilo linaloninyima raha.

Juzi nikaona nitengeneze mambo. Nilimwomba alete vibuyu viwili vya maziwa kutoka kwao, kimoja kimefukizwa na kingine hakijafukizwa. Tungeviacha darasani tangu jana asubuhi, leo tuonje. Nilieleza mara tatu, polepole, hadi nikajichosha mwenyewe.

Leo nimefungua cha kwanza mbele ya darasa. Moshi. Nimefungua cha pili. Moshi.

"Mwalimu, wallahi nilimwambia mama," Habiba akasema, macho sakafuni. "Amekataa. Amesema maziwa yakitoka kwetu bila moshi, watu watasema nyumba yetu ni chafu."

Darasa zima likamuunga mkono. Walinitazama kana kwamba nimewatukania mama zao.

Nilitaka kulia. Miaka mitatu hapa, na sikujua kwamba nimeagiza aibu ya mtu iletwe shuleni. Nikageukia ubao, nikaanza kufuta hesabu za mwalimu mwenzangu kwa hasira, na hata ruhusa sikuwa nayo.

Nikasikia nyuma yangu: "Lakini mwalimu, hata mama angekubali, hatungejua kitu. Haya ni ya ngamia. Hayo ni ya mbuzi."

Nikageuka. Mkono wa Habiba ulikuwa juu.

Mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikuwa nimeuliza hata maziwa ni ya mnyama gani.

Kwa hiyo kesho maziwa yatakuwa ya ngamia mmoja, na kibuyu kisichofukizwa nitakileta mimi. Wakitaka kusema nyumba ni chafu, waseme yangu.

Nimemwomba Habiba anirudishie karatasi ya mtihani. Ninayo hapa mezani. Nimefuta kosa, nimeandika alama moja kwa wino mwekundu. Nitamkabidhi mbele ya wote, nikiri kwamba nilijua jibu lake ni sahihi na bado nikamkosesha.

Namjua yule mtoto. Ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini?