Wapangaji Ndani ya Uvimbe wa Mama

Chumba cha nyuma ya tanuri,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Vipi baridi ya huko, na lile goti lako linalotabiri mvua? Sisi wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuuliza mara mbili.

Majibu ya uvimbe wa kifuani wa Mama yametoka. Ni saratani, hilo tulishalijua. Jipya ni kwamba ndani ya uvimbe wenyewe mnaishi vijidudu. Ndiyo, Mjomba, ugonjwa una wapangaji! Nimesoma kila nilichokipata, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuwa mjinga.

Daktari anasema huenda vingine vinaukinga uvimbe dhidi ya dawa, na vingine huenda vinausaidia mwili kumtambua adui. Nikamuuliza, vyetu ni vipi? Akakuna kidevu. "Hata sisi bado tunatafuta."

Sasa, dada yako unamjua. Kaoka mikate maisha yake yote. Kwake kila kijidudu ni chachu, na chachu usipoilisha inakufa. Basi akaacha kula. Mkate, uji, hata chai ya sukari. "Navifukuza kwa njaa," anasema. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikaona ana hoja, nikawa namwondolea sukari mezani.

Ijumaa kapimwa uzito, kapungua. Akipungua tena, dawa ya wiki ijayo hapewi, mwili hautaihimili. Tukamweleza daktari habari ya chachu. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama, hivyo havingoji mkate wako. Anayekufa njaa hapo ni wewe."

Mama kanuna. Ati daktari asiyejua kama vijidudu ni rafiki au adui, atajuaje vinakula nini? Wewe una jibu, Mjomba? Hata kama huna, mwandikie ale. Wewe ndiye kaka yake; mimi ananiona bado nanyonya.

Nimeiacha barua nikatoe mikate. Nimerudi, Mama anaisoma, anatafuna kipande cha mkate wangu, ananitazama kama askari.

"Ongeza hapo," kasema. "Mwenye nyumba halali njaa kwa ajili ya wapangaji."

Lakini wewe mwandikie tu. Kipande kimoja si uzito.

Msalimie mkaza mjomba na mapacha. Mungu akutunze ugenini, na goti lako pia.

Mpwa wako akupendaye, asiyeelewa kitu,
Kidole-Unga