Majani ya Rubarbu

Aline mjukuu wangu,

Huku Brussels tuko, ila baridi haijatoka. Mama yako bado anahudumia wagonjwa kule Jette.

Umeuliza rubarbu upike vipi. Majani yote kata, utupe. Mashina yakatekate, uchemshe na sukari mpaka yalainike, ule na mkate. Yatakayobaki yagandishe.

Majani nayasisitiza kwa sababu ya dada yangu Zawadi. Miaka ya tisini tulikuwa wageni Anderlecht, na figo zake ziliharibika ukimbizini. Jirani yetu, bibi kizee Mflemi, alituletea rubarbu ya bustani yake, akatuambia jambo kwa lugha yake. Hatukuelewa hata neno. Zawadi akaitikia tu kwa Kifaransa na kushukuru, "Oui, oui, merci, maman."

Nilipoenda kazini akapika majani kama matembele ya kwetu, akala. Alilazwa, hakurudi. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba yana sumu inayoharibu figo.

Baada ya mazishi yule bibi alisimama mlangoni akilia. Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani.

Usipoelewa, mwanangu, mwambie mtu arudie. Bibi yule angerudia hata kutwa nzima.

Koko wako,
Nabintu